Mafunzo ya shehena ya jeshi yaje Pwani

Ukitoka Nairobi, kabla ya kufika Free Area mjini Nakuru unapita Lanet, kilipo chuo kinachofunza maafisa wa jeshi letu. Bahari iko mbali. Hata hivyo, KDF ilipoingia Kismayu Septemba 2012, ilishuka kwa njia ya bahari.

Shehena ya jeshi si magunia ya mchele. Mabomu yakilipuka ghalani huua raia, kama ilivyotokea Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011.

Kutenga, kupanga na kufunga mizigo melini ni kazi ya Pwani tangu jadi. Basi mafunzo ya juu ya wapakiaji wa jeshi yafanyike Mombasa, na vijana wetu wa gatini wakae darasa moja na askari, wapate cheti kilekile.