Ghala Moja, Seva Nyingi

Tovuti ya shule au ya duka huanza maisha yake ndani ya seva moja. Maandishi, picha na kumbukumbu zote hukaa humo, na mambo huenda vyema mpaka siku wageni wanapozidi. Hapo huongezwa seva ya pili, kisha ya tatu, na mbele yake huwekwa chombo cha kugawa mzigo, ambacho humpeleka kila mgeni kwenye seva yenye nafasi. Tatizo hujitokeza upesi. Mzazi anapakia picha ya cheti cha mwanawe, nayo inatua katika diski ya seva ya kwanza. Dakika moja baadaye anafungua ukurasa ule ule, safari hii anapelekwa seva ya pili, na picha haipo. Hudhani amekosea, akapakia tena. Wala hakukosea.

Dawa inayotumika sana ni kuziondolea seva zote kazi ya kutunza mafaili, na kuweka ghala moja kwenye mtandao wa ndani, ambalo kila seva hulisoma kana kwamba ni diski yake yenyewe. Utaratibu uliozoeleka kwa kazi hii huitwa NFS. Ulibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani katika miaka ya 1980, na leo unapatikana ndani ya Linux bila ya kununua leseni. Tumeuchagua huu kwa sababu taasisi nyingi hazina fedha za mitambo ya bei kubwa, na kompyuta moja imara yenye diski kadhaa yatosha kuwa ghala.

Diski hizo hupangwa kwa mfumo wa RAID, ili moja ikifa kazi isisimame. Chukua diski 8 za terabaiti 4 kila moja. Zikipangwa kwa RAID 6, nafasi ya kutumia ni terabaiti 24, na zinaweza kufa diski mbili zozote bila ya kupotea kitu. Zikipangwa kwa RAID 10, nafasi hushuka hadi terabaiti 16, ila uandikaji huwa wa kasi zaidi. Kwa picha na nyaraka, ambazo huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, sisi tungechukua RAID 6.

Kuna jambo ambalo vijana wetu wa kompyuta, kwa haraka ya kutaka kuona taa zinawaka, hulipita. NFS, kwa namna inavyowekwa mara nyingi, humtambua mwenye faili kwa namba, haimtambui kwa jina. Ikiwa namba 1001 katika seva ya kwanza ni ya tovuti ya shule, na katika seva ya pili namba hiyo hiyo imepewa tovuti ya duka, basi kwa ghala hao wawili ni mtu mmoja. Duka litaweza kufungua matokeo ya wanafunzi, na hakuna kengele itakayolia. Kwa hiyo namba zipangwe mapema na zilingane katika seva zote. Ghala nalo liwe na mtandao wake wa ndani, wenye swichi yake, usiofikiwa kabisa kutoka intaneti, na liruhusu anwani za seva zinazojulikana tu.

Si kila kitu kinafaa kupelekwa ghalani. Programu ya tovuti ina maelfu ya mafaili madogo, na kila faili likiulizwa kupitia waya, ukurasa huchelewa. Ni bora kila seva iwe na nakala yake. Hifadhidata nayo ipewe mashine yake. Ghala libaki na vile ambavyo wageni huvipakia.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe. Tulipokuwa na seva tatu zenye diski tatu, kufa kwa moja kulikuwa hasara ya moja. Tukishakusanya vyote mahali pamoja, ghala likizimika seva zote husimama pamoja nalo, zikingoja jibu lisilokuja. Na RAID, ambayo wengi huihesabu kuwa ni nakala ya akiba, si nakala hata kidogo. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa katika diski zote kwa wakati mmoja.

Usiku wa Machi 10, 2021, moto ulizuka katika kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea kabisa, na la jirani likaungua kwa sehemu. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini mamilioni ya tovuti yalitoweka hewani. Walioumia zaidi ni wale ambao mafaili yao na nakala zake vilikuwa mahali pamoja. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni hiyo imlipe fidia mteja mmoja ambaye nakala zake zilikuwa ndani ya jengo lile lile lililoungua. Fidia alipewa, mafaili hayakurudi.

Basi anayekabidhi tovuti kwa fundi amuulize nakala iko mji gani, huchukuliwa kila baada ya saa ngapi, na ni nani mwenye nywila yake. Na mara moja kwa mwezi, fundi achague faili lolote la wiki zilizopita, alirejeshe kutoka kwenye nakala hiyo ya mbali katika kompyuta isiyounganishwa na ghala, kisha alifungue mbele ya mwenye tovuti.