Hatufukui, Tunataka Kuzika

Mwandishi aliyedai kwamba wanaotaka mafuvu ya wazee wetu yarudi kutoka Ujerumani "wanatonesha vidonda" amekosea tangu mwanzo. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na hadi leo ukoo wake unatafuta kichwa chake. Mafuvu ya Waafrika yalipelekwa Berlin yapimwe, ili ithibitishwe kwamba mtu mweusi ni duni. Huo ndio ubaguzi uliobaki kabatini, mzee wa watu akiwa na namba badala ya jina. Nani anamtonesha mwenzake hapo?

Tena mwandishi huyo anasema ni mambo ya kale! Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliunganisha baadhi ya mafuvu hayo na jamaa walio hai Tanzania. Mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea, mbele ya wazao wa walionyongwa na Wajerumani 1906 katika Vita vya Majimaji. Lakini wana Songea hawakumsubiri yeye. Kila Februari hukusanyika kuwakumbuka wazee wao, watoto wakisikia. Tiba waliianza wenyewe. Kilichobaki kiko mikononi mwa Ujerumani: irudishe mafuvu, ilipe gharama, na koo zizike kwa mila zao.