Vinundu vya Mizizi Si Ugonjwa

Mkulima ang'oapo shina la maharagwe lililoanza kutoa maua, huona vinundu vidogo vimeshika mizizini mfano wa shanga. Wako wanaovitazama kwa hofu, wakidhani ya kuwa ni ugonjwa ulioingia shambani. Hung'oa na mimea iliyobaki, wakaitia moto. Kufanya hivyo ni kujiharibia chakula, kwa maana vinundu hivyo ndivyo vinavyoilisha mimea.

Kila mmea wahitaji naitrojeni ili upate majani mabichi na mbegu nzuri. Hewa ina naitrojeni tele: katika kila sehemu 100, karibu 78 ni naitrojeni. Lakini mahindi na viazi haviwezi kuitwaa hewani. Ni kama mtu mwenye kiu aliyezungukwa na maji ya bahari. Mimea ya jamii ya kunde, kama maharagwe, mbaazi, njugu na soya, hupata naitrojeni hiyo kwa msaada wa bakteria waishio udongoni. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel, aliyefanya kazi pamoja na Hermann Wilfarth, aliitangaza siri hiyo huko Ujerumani. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatoa bakteria wenyewe vinunduni na kuwakuza peke yao.

Urafiki huo huanza hivi. Mzizi hutoa kitu kinachoyeyuka udongoni, nacho huwa kama mwito kwa bakteria. Bakteria nao hujibu kwa kitu chao, na unywele wa mzizi hujikunja ukawakumbatia. Kisha huingia ndani kwa njia nyembamba kama uzi, na mzizi hufura mahali pale hata kikawa kinundu. Humo mmea huwapa bakteria sukari iliyotengenezwa na majani, nao huigeuza naitrojeni ya hewa iwe chakula cha mmea. Ni mfano wa majirani wawili, mmoja ana unga na wa pili ana kuni. Wasipopeana, wote hulala na njaa.

Basi mkulima atajuaje kama kazi inafanyika? Na achimbe shina kwa jembe, asilivute, kisha akate kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, hakijaanza; kikiwa cha kijani au kijivu, kimekwisha kazi yake. Lakini asichanganye vinundu na uvimbe wa minyoo midogo ya udongoni. Kinundu chema hushika ubavuni mwa mzizi na hubanduka upesi kwa kidole. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura, wala haubanduki mpaka mzizi ukatike.

Mbolea ya naitrojeni ikizidi, vinundu hupungua, kwa maana mmea uliopewa chakula bure hauna haja ya kumlisha mgeni. Mbolea ya fosfeti, kwa upande wake, huvisaidia. Soya ikipandwa mara ya kwanza mahali, huenda isipate bakteria wanaoifaa. Yafaa mbegu zipakwe bakteria hao kivulini na kupandwa siku ile ile, kwani jua kali huwaua.

Jambo la mwisho ni la wakati wa mavuno, na hapo ndipo wengi hupata hasara. Sehemu kubwa ya naitrojeni imo katika mbegu na majani. Mkulima akiuza mbegu, akayachoma maganda na majani, udongo haupati faida kubwa. Afadhali akate mashina juu ya ardhi, aiache mizizi ioze, na kuyarudisha maganda shambani. Ama akiwalisha ng'ombe, samadi na irudi pale pale. Mahindi yatakayofuata ndiyo yatakayotoa ushahidi.