Tusinunue rangi tukasahau injini

Wahenga walilonga kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufunzwa darasani kila muhula, lakini baadhi yetu tunaoifundisha ndio wa kwanza kuisahau tunaponunua magari.

Nasema haya kwa kuwa yalinifika. Nilichukua mkopo wa chama cha ushirika, nikautumia wote kununua gari la mtumba lililong'aa kama kioo. Muuzaji alidai limetembea kilomita 70,000 tu. Sikuuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Miezi michache baadaye mkanda huo ulikatika njiani, vali zikagongana na pistoni, injini ikaharibika. Fundi aliyeifungua alitazama pedali zilizolika, akacheka: gari lilikuwa limetembea maradufu ya hapo. Kwa muda mrefu mshahara wangu uliendelea kukatwa kulipia gari lililolala gerejini, huku mimi nikienda shuleni kwa matatu.

Yamkini msomaji atauliza: je, sheria haipo? Ipo. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, nayo magari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kanuni hiyo inalinda lango la Mombasa. Haimlindi mnunuzi wa tatu au wa nne. Likishaingia, gari hupita mikono mingi, na kasoro za kila mwenyewe hufunikwa kwa rangi mpya.

Ndiposa ulinzi wa kwanza ni macho yetu wenyewe. Mnunuzi aandamane na fundi wake, wala si wa muuzaji, tena aende asubuhi injini ikiwa baridi, kwani injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi. Moshi wa samawati huonyesha kuwa injini inachoma oili. Oili yenye rangi ya maziwa ni dalili kuwa maji yamepenya ndani yake. Tairi nalo lina tarehe ubavuni: tarakimu 2319 zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kisha umiliki uthibitishwe katika rekodi za NTSA kabla ya shilingi moja kutolewa.

Lakini kununua ni nusu ya safari. Bei ya oili na chujio lake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya injini. Maji matupu katika rejeta huleta kutu. Yafaa kutumia kimiminika maalum cha kupoza injini. Mkanda ule ulioniadhibu, katika injini nyingi zinazoutumia, hubadilishwa baada ya takriban kilomita 100,000. Anayenunua gari lisilo na kumbukumbu za matengenezo heri aubadilishe mara moja.

Rai yangu ni hii: asiyeweza kutenga sehemu ya mkopo kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza bado hajafikia uwezo wa kulinunua gari hilo. Anunue la bei nafuu zaidi, au asubiri. Na wanafunzi wanaotutazama wajifunze mapema kwamba gari lililopuuzwa haliishii kula mshahara. Siku breki zake zitakapokataa, halitachagua kati ya dereva na mtoto anayevuka barabara kwenda shuleni.