Asiye na Dini ni Nani?

Lipo neno moja fupi ambalo sisi wanafunzi hulitumia kila siku bila kulipima, nalo ni neno "dini". Mwanafunzi mgeni akifika bwenini, awe ametoka Tukuyu, Mbozi, Mufindi au Kilolo, huulizwa jina lake, kwao ni wapi, kisha dini yake. Majibu tunayoyapokea, na yale tunayoyacheka, yaonyesha kwamba neno hili twalitumia vibaya. Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze maoni yangu.

Kwanza, twachanganya dini na dhehebu. Mmoja hujibu, "Mimi Mmoraviani," wa pili, "Mlutheri," wa tatu, "Mkatoliki." Watu watatu wa dini moja, yaani Ukristo, wahesabiwa kuwa wa dini tatu, na mara nyingine hubishana kana kwamba ndivyo. Waislamu nao wana madhehebu yao, na dini yao ni moja. Kosa hili ni dogo, na dawa yake ni kamusi.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Akitokea mwenzetu ambaye wazee wake hawakubatizwa wala hawakusilimu, twasema, "Huyo hana dini," au twamwita mpagani. Ndiyo maana wako wanaoandika "Mkristo" katika fomu ilhali hawajapata kuingia kanisani, kwa kuogopa kuchekwa tu. Mtu anayefundishwa kusema uongo juu ya imani ya nyumbani kwao hajafundishwa dini yo yote.

Tulitazame neno lenyewe. "Dini" limetoka katika Kiarabu, na huko huandikwa kwa herufi zile zile tatu za neno lililotupa "deni". Lina maana pia ya hukumu na malipo. Kwa Kiarabu Siku ya Malipo hutajwa kwa neno hilo hilo. Tena, katika Sura ya 109 ya Kurani, neno hili latumika kwa imani ya Mtume Muhammad na pia kwa imani ya watu wa Makka waliomkataa. Sura hiyo haiikubali ibada yao, lakini haisemi kwamba hawana dini. Basi hata kule lilikotoka, neno hili halikuwa mali ya kundi moja.

Turudi kwetu Nyanda za Juu Kusini. Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Jina la Mungu wanalolitumia Wakristo wa Kinyakyusa halikuletwa kutoka Ulaya. Ni Kyala, jina la wazee wa pale. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya matambiko ya Wanyakyusa, alieleza kwamba zamani Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa waliotambikiwa. Maana ya jina ilipanuliwa, lakini jina lenyewe lilitoka vinywani mwa watu waliokuwa wakiabudu. Wahehe na Wabena nao humwita Mungu Nguluvi. Hata neno "Mungu" ni la Kibantu, wala si la Kiarabu, na Waislamu wa pwani wamelitumia karne nyingi. Nauliza: mtu asiye na dini awezaje kumkopesha mwenye dini jina la Mungu?

Wako watakaosema kwamba tambiko ni mila tu, maana halina kitabu wala mwanzilishi. Bibi yangu wa Iringa hupeleka unga na pombe makaburini, huwataja marehemu kwa majina yao, akawaomba wamfikishie Nguluvi haja zake. Yuko anayeombwa, iko sadaka, yako na makatazo ya kushikwa. Kama hayo si dini, tuyaite nini?

Simwambii mtu aache kanisa au msikiti akatambike. Mkristo au Mwislamu aweza kusema kwamba dini ya bibi yangu si ya kweli; hiyo ni hoja, na hoja hujibiwa. Lakini akisema kwamba bibi hana dini, hajatoa hoja, amemdharau tu.

Tangu sensa ya mwaka 1967, Serikali haijauliza tena dini ya mtu katika sensa, na Katiba yampa kila mtu uhuru wa kuamini. Haifai sisi wa bwenini tuwe wakali kuliko Serikali. Penye dhehebu tuseme "dhehebu". Tukimsifu mtu kwa matendo yake tuseme "mcha Mungu". Na mwenzetu ambaye kwao hutambika, aandike bila haya "dini ya jadi", nasi tusicheke.

Mwenye maoni mengine na ayaandike katika toleo la muhula ujao, nami nitayasoma kwa furaha.