Tukae Kwanza

Wapo wenzetu ambao wakikosea hifdhi mbele ya darasa hufunga msahafu na hawaonekani tena madrasa. Wakubwa huwaambia, "Subirini!" Sawa, lakini subira inaanzia wapi? Sisi tunaona inaanzia mwilini. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoisimulia Abu Dharr (R.A.) na kupokewa na Abu Dawud, alimwelekeza aliyekasirika hali amesimama akae; hasira isipomtoka, ajilaze. Basi tujichunguze: taya zimekazana, moyo unadunda, pumzi fupi, masikio yanawaka. Hapo tusijibu neno wala tusitoke. Tukae, tuvute pumzi taratibu, tutawadhe kama maji yako karibu, kisha tuombe kuanza tena aya ile ile. Na walimu wetu, tunawaomba mtupe dakika hiyo moja kabla ya kutuita tena.