Twasifu Tusivyovisoma

Wasomaji wangu, kila mara mimi huulizwa: "Maalim, siku hizi wasoma nini? Umetazama nini? Wasikiliza nini?" Nami huwajibu kwa mkato. Safari hii nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jawabu lenyewe limenitia haya, na haya ya mtu mmoja huenda ikawafaa wengi.

Naanza na kitabu. Mwezi wa Oktoba 2021 zilipofika habari kuwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, amepata Tuzo ya Nobel ya fasihi, barazani petu kahawa ilinyweka kuliko desturi. "Wetu huyu!" tukajigamba. Tulikuwa watu saba. Kisha mzee mmoja, ambaye skuli hakwenda ila chuoni tu, akauliza: "Basi nisimulieni, kimoja katika vitabu vyake chasema nini?" Pakawa kimya. Hapakuwa na hata mmoja aliyesoma, na mimi nijiitaye malenga nilikuwa wa kwanza kuinamisha macho kikombeni.

Udhuru wetu ulikuwa Kiingereza. Udhuru huo uliondoka mwaka 2022, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walipotoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya iitwayo Paradise, iliyotoka mwaka 1994. Kwa miaka 28 hadithi ya kwetu ilikuwa ugenini. Sasa nimeimaliza, nami naiweka mbele ya vyote.

Ni kisa cha Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake mwenye hoteli amemtoa kwa tajiri Aziz awe rehani ya deni. Sisi tuliohifadhi Sura ya Yusuf kwa bakora ya mwalimu twaitambua njia mara moja: kijana mzuri aliyetolewa kwao, ndoto zake, mke wa bwana, nguo iliyoraruka kwa nyuma. Lakini Nabii Yusuf alitoka gerezani akakabidhiwa hazina za nchi. Je, Yusuf huyu, na Wajerumani ndio wanaingia bara, atatolewa na nani? Hapo ndipo kitabu kinapouma. Chatuuliza misafara ile tuisifiayo ilichukua nini zaidi ya pembe na vitambaa, na mtoto wa nani alilipia. Atakaye kusomewa sifa za mababu zake, kitabu hiki kitamuudhi. Mimi kiliniudhi, na bado nakipenda.

Pili ni picha. Ujanani twalikwenda senema kutazama picha za Kihindi, tukalia machozi kwa lugha tusiyoijua. Juzi nyumbani kwa mpwa wangu nimetazama Vuta N'kuvute, picha ya mwaka 2021 ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume asiyemtaka, atoroka na kukutana na Denge, kijana apiganaye na utawala wa Kiingereza katika Unguja ya miaka ya 1950. Picha hii ilionyeshwa hata Toronto, kwenye tamasha kubwa la huko. Aliyesoma riwaya ataona mengi yameachwa, na hilo ni kweli. Tena ni picha ya mapenzi, basi mtu aangalie ataitazama na nani. Lakini kuwasikia watu wakigombana, wakibembelezana na kupanga siasa zao kwa Kiswahili kisichopindwa, wallahi, nilisahau chai yangu ikapoa.

Tatu ni sauti. Marehemu Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na tangu hapo sijui nimemsifu mara ngapi, barazani na kwa kalamu. Nina kasha zima la kanda zake, zilizonaswa maharusini miaka ya 1980. Mjukuu wangu alilifungua wakati wa likizo. Nyingi zimeota ukungu, utepe umenata, hazichezi. Moja ikacheza. Mwimbaji alipofika penye kituo, pakapigwa kigelegele kirefu nyuma ya fidla, nami nikashika ukuta. Kigelegele kile ni cha dada yangu. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu siku tuliyomzika. Kumbe miaka yote alikuwa chini ya kitanda changu, akioza pamoja na kanda, na mimi niko nje namsifu Juma Bhalo!

Mtoto ameinakili kanda ile katika simu yake. Halafu akaanza kuuliza maana, mstari kwa mstari. Baadhi ya mashairi aliyoyaimba Juma Bhalo ni tungo za Ustadh Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, na si Kiswahili cha mchezo. Penye neno moja nilikwama. Nikamshika mtoto mkono tukamwendea yule mzee wa barazani, naye akalifasiri bila kuinua macho kwenye tasbihi.

Kwa hiyo, nduguzanguni, cha mtu hakihifadhiki kwa kusifiwa. Chataka kununuliwa, kusomwa na kuulizwa. Barazani petu tumechanga watu saba, tukanunua nakala moja ya Peponi, na baada ya isha mmoja wetu husoma kwa sauti, kama wazee wetu walivyosomeana tendi. Yule mzee ndiye atusimamishaye kila penye shaka, na jana alituweka ukurasa mmoja muda wa saa nzima.

Nawe msomaji, kabla hujatoka kwenda kutusifia malenga wetu, inama kwanza utazame chini ya kitanda chako. Wassalaam.